Kununua na kutumia shepa kuukuu nyumbani: tazama jiliwa kabla ya rangi

Shepa yangu ya kwanza, mashine ya kuranda chuma, niliinunua kwa macho. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani mbichi, imepanguswa, na muuzaji alizungusha puli kwa mkono mara mbili, mkono wa mashine ukaenda mbele na kurudi bila kelele. Nikalipa. Nilipoifikisha nyumbani ndipo nikaanza kuhesabu: jiliwa, au vaisi kama wengi tunavyoita, hakuna. Hendeli ya kuendeshea meza hakuna. Kidude kinachosogeza meza chenyewe kimebaki nusu. Na bawaba inayobeba kisu ilikuwa imechomelewa, imekuwa kitu kimoja na kichwa. Miezi minane iliishia katika kutengeneza vitu hivyo kabla sijaranda hata kipande kimoja.

Mashine yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa pungufu, na mimi sikujua kwamba hayo ni mambo mawili. Baada ya hiyo nimemiliki nyingine mbili, moja iliyochakaa hasa, na naweza kusema bila kusita: shepa iliyochakaa ikiwa na kila kitu chake itakupa kazi wiki hiyohiyo, kuliko nzuri iliyokosa vitu vinne.

Kama hujawahi kuiona, fikiria randa ya seremala iliyopewa mota. Kisu kimoja kimefungwa mbele ya mkono mzito wa chuma. Mkono unasukuma kisu juu ya kazi, unanyoa ukanda mwembamba, unarudi nyuma, meza inasogea kidogo pembeni, unanyoa tena. Ndani ya bodi kuna gia kubwa yenye pini. Pini inateleza kwenye mfereji wa wenzo mrefu, na wenzo huo ndio unaoupeleka mkono. Kwa jinsi wenzo ulivyopangwa, mkono huenda taratibu unapokata na hurudi haraka ukiwa mtupu. James Nasmyth, mhandisi, ndiye anayetajwa sana kuwa mbunifu wa shepa, huko Uingereza mwaka 1836. Viwanda viliziacha baadaye kwa sababu mashine ya milingi hukata kwa meno mengi kwa wakati mmoja, na kiwandani muda ndio kila kitu.

Nyumbani hesabu ni nyingine. Kisu cha milingi kikilika, unanunua kingine. Kisu cha shepa kikilika, unakwenda kwenye grainda dakika tano. Ukitaka umbo la ajabu, unalinoa mwenyewe kwenye kipande cha hai-spidi, chuma kigumu cha kutengenezea visu vya mashine. Tena shepa inakata njia ya kii, ule mfereji wa kipande kinachofunga puli kwenye shafti, ndani ya tundu la puli, kazi ambayo milingi ya kawaida haina namna ya kuifikia.

Ukubwa

Shepa hupimwa kwa urefu wa mpigo wake, yaani umbali ambao mkono unakwenda mbele, na za zamani nyingi hutajwa kwa inchi. Kwa chumba cha nyumbani tafuta ya inchi 7 au 8, yaani mpigo wa kama milimita 180 hadi 200. Marekani walitoa za inchi 7 nyingi kwa ajili ya shule na karakana ndogo: Atlas ya Kalamazoo, South Bend, AMMCO. Uingereza kulikuwa na Boxford ya inchi 8, Elliott ya inchi 10 ambayo tayari ni mzigo, na Adept ndogo za Sheffield zinazosukumwa kwa mkono. Usiidharau ya mkono. Haina mota, haina gia, hakuna cha kuharibika zaidi ya wewe kuchoka bega, na kwa kazi ndogo inakata vizuri.

Utakuta pia za inchi 16 na zaidi zinauzwa karibu na bei ya chuma chakavu, na moyo utakudunda. Nami ulinidunda. Hizo zinavuka tani moja kirahisi, mota zake mara nyingi ni za fezi tatu, na mkono wake unahitaji nafasi mbele na nyuma ambayo huna.

Unapokwenda kuikagua

Nenda na geji ya saa yenye sumaku (kipimo chenye mshale kinachoonyesha mwendo mdogo sana), kipande cha mbao kigumu cha urefu wa nusu mita, tochi na kitambaa. Usimwombe muuzaji aiwashe kwanza. Anza na kuhesabu.

Jiliwa ipo? Jiliwa ya shepa ni fupi kwa kimo na pana kwa taya, na hukaa kwenye kitako kinachozunguka kwa nyuzi. Ya milingi itafaa, lakini ile iliyo ndefu kwa kimo itakula nafasi yote kati ya meza na kisu, na kwenye mashine ya inchi 7 nafasi hiyo tayari ni haba. Halafu hendeli. Halafu kishikio cha kisu. Halafu kidude cha kusogeza meza: ulimi wenye springi unaoingia kwenye gia ndogo, pamoja na fimbo inayoutikisa. Halafu mguu wa kuegemeza meza mbele, kama mashine ilizaliwa nao. Halafu puli zote na mabano ya mota. Kila kinachokosekana, jiulize: nikiwa na lezi, ile mashine ya kukereza, naweza kukitengeneza? Skrubu ya meza, ndiyo. Gia kubwa ya ndani iliyovunjika meno, hapana. Ukiikuta hivyo mshukuru mwenye mali, uende zako.

Sasa bawaba. Mbele ya kichwa kuna kibao kidogo kinachobeba kisu, kimening'inizwa kwa pini juu. Wakati wa kukata kibao hubanwa na kazi dhidi ya kisanduku chake. Wakati wa kurudi kinainuka ili kisu kisikwaruze. Kishike kwa vidole ukisukume kulia na kushoto. Kikicheza pembeni, kila uso utakaoranda utakuwa na mistari, na utatafuta kosa kwenye kisu siku nzima bila kulipata. Ila hili lisikukimbize: tundu linapanuliwa kwa rima (kifaa cha kusawazisha matundu), pini mpya inakerezwa, jioni moja imekwisha. Kinachokimbiza ni kibao kilichochomelewa. Mtu akikichomelea hivyo, ujue alikata tamaa na mashine muda mrefu kabla ya kuiuza, na huenda kuna mengine aliyoyakatia tamaa.

Peleka mkono wa mashine mbele kabisa, uweke mbao chini ya pua yake na uinue kama unayepima uzito. Geji ikiwa juu yake utaona unainuka kiasi gani. Mchezo kidogo utaondoka ukikaza vipande vya kukazia vilivyo pembeni ya njia, yaani nyuso ambazo mkono unatelezea. Usivikaze hapo dukani ili kupata jibu zuri; zungusha puli kwa mkono kwanza usikie kama katikati pamelegea na mwishoni pamebana. Hiyo ndiyo dalili ya njia zilizolika katikati, kwa sababu mwenye mashine miaka yote alifanya kazi fupi. Unaweza kuishi nayo. Ila ukikaza kwa kufuata katikati, mwishoni mkono utakwama.

Kisha funga geji kwenye kishikio cha kisu, ncha yake iguse meza, usogeze meza kutoka upande hadi upande. Halafu iache meza, usogeze mkono mbele na nyuma. Meza nyingi kuukuu huwa zimeinama upande wa mbele. Isikutishe sana, nitaeleza kwa nini.

Mwishoni kabisa, iwashwe. Funga macho. Tak moja ndogo kwa kila mpigo ni bawaba inaporudi mahali pake, na kitikitiki laini ni ulimi wa kusogeza meza. Hizo ni sauti za afya. Mgongano mzito kila mkono unapogeuka, mbele na nyuma, ni pini au kitalu chake kwenye wenzo kimelegea. Kishindo kimoja kila mpigo mahali palepale kinaweza kuwa jino la gia kubwa, maana gia hiyo huzunguka mara moja kwa kila mpigo. Vishindo kadhaa ndani ya mpigo mmoja, shuku gia ndogo inayoisukuma. Omba kifuniko kifunguliwe, uingize tochi. Rangi mpya ya nje haisemi chochote. Grisi iliyokauka ikawa kama lami ndani ya mashine ya oili inasema mengi.

Kuihamisha

Shepa ni nzito juu. Shusha meza hadi chini, urudishe mkono katikati ya bodi, uufunge usiteleze, kisha ndipo uinue. Ya inchi 7 naitoa meza, jiliwa na mota, na watu wawili wanaibeba bila kupigana na migongo. Ukiiweka mahali pake, acha nafasi nyuma kwa ajili ya mkia wa mkono. Weka na alama sakafuni. Mkia huo hauna macho, na ukuta hautasogea.

Kabla ya kukata

Fumua matundu ya oili kwa waya na mafuta ya taa. Yapo mengi kuliko unavyodhani, na lile la pini ya wenzo mara nyingi huonekana tu mkono ukiwa sehemu moja ya mpigo. Tia oili ya mashine, isiwe grisi, kwenye njia zote kila unapoanza kazi.

Kuhusu ile meza iliyoinama. Uzuri wa shepa ni kwamba inaweza kujiranda yenyewe. Ukishakaza njia zote na kubana mguu wa meza, chukua kisu kikali, unyoe uso wa meza kwa kina kidogo kabisa, chini ya robo ya milimita kila safari, hadi alama za drili na makovu ya waliokutangulia yafifie. Meza itatoka ikiwa sambamba na mwendo wa mkono wako, na hicho ndicho unachokihitaji. Fanya hivyo mara moja tu katika maisha yako na mashine hiyo. Chuma ukishakinyoa hakirudi.

Kisu

Watu wanaotoka kwenye lezi, kama mimi, hukosea hapa. Kwenye lezi kisu kinasogea huku kinakata, kwa hiyo ubavu wake unahitaji mteremko wa kutosha. Kwenye shepa kazi imesimama wakati kisu kinapita. Husogea kisu kikiwa kinarudi. Mteremko wa nyuzi 3 au 4 chini ya ncha na ubavuni unatosha. Ukizidisha, ncha inabaki nyembamba, nayo inapigwa kila mpigo kama patasi, itavunjika. Juu ya kisu weka mteremko mkubwa kwa chuma laini, mdogo kwa chuma cha kusubu.

Tumia hai-spidi. Kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi lakini huvunjika upesi, haipendi kugongwa mara themanini kwa dakika, na haipendi kuburutwa ikirudi. Fupisha kisu kadiri uwezavyo, na usikishushe kichwa mbali na mwili wa mkono ili tu ufikie kazi. Inua meza badala yake. Kisu kilichotokeza kirefu hupinda chini kinapokutana na upinzani, na kikipinda chini kinachimba zaidi, kikichimba zaidi kinapinda zaidi. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikunja shingo ya kisu kama ya bata, ncha ikae nyuma ya mahali kinapofungwa: kikipinda, kinakwepa kazi.

Kwa kumalizia uso nina kisu kimoja chenye mdomo mpana uliosawazishwa kwa jiwe la mafuta. Nacho naondoa kama nywele tu, huku meza ikisogea hatua pana karibu na upana wa mdomo. Hapo ndipo shepa inapotoa uso ambao mtu atauliza kama umesagwa kwa jiwe la grainda.

Kukata

Funga kazi. Kama nguvu ni kubwa, geuza jiliwa ili taya zikatize njia ya mkono, kisu kisukume kuelekea taya iliyosimama.

Pangilia urefu wa mpigo: urefu wa kazi, ongeza kama milimita 12 nyuma na 6 mbele. Nyuma panahitaji zaidi kwa sababu bawaba lazima ipate muda wa kurudi chini kabla kisu hakijagusa kazi. Kisha legeza nati ya juu ya mkono, uusogeze mpaka mpigo ukae juu ya kazi, kaza. Toa spana. Narudia, toa spana, hasa ile ya kurekebishia mpigo. Zungusha puli kwa mkono mzunguko mzima.

Hesabu ya kasi ni nyepesi. Zidisha urefu wa mpigo kwa mita na idadi ya mipigo kwa dakika, kisha gawa kwa 0.6, kwa kuwa kukata huchukua kama sehemu tatu kati ya tano za muda. Mpigo wa milimita 150, mipigo 80: mita 12, gawa kwa 0.6, unapata mita 20 kwa dakika. Hiyo inafaa chuma laini kwa hai-spidi. Chuma cha kusubu punguza kidogo. Kwa mipigo mifupi sana ile tofauti ya kwenda na kurudi hupungua, lakini hakuna atakayekushtaki kwa hilo.

Kina cha kuanzia kwenye mashine ndogo ni nusu milimita hadi milimita moja, meza ikisogea moja ya tano ya milimita kila mpigo. Angalia meza inasogea wakati gani. Lazima isogee mkono ukirudi. Ikisogea wakati wa kukata, fimbo ya kuitikisa imefungwa upande usio wake. Izungushe nusu mduara. Mashine nyingi nilizoziona zikilaumiwa kwa uso mbaya zilikuwa na kosa hilo tu.

Maranda ya chuma huruka mbele, ya bluu na ya moto. Simama ubavuni. Mimi nimesimamisha bati lililokunjwa mbele ya meza, na miwani haitoki usoni. Mkono ukiwa unatembea usipanguse kazi, hata kwa brashi. Mota yenye nguvu ya nusu farasi inaonekana kitoto, lakini ikipitia kwenye ile gia inasukuma kwa nguvu ambayo kidole hakiwezi kujadiliana nayo. Mkanda usiukaze mno. Nautaka uteleze siku nitakayofanya upumbavu.

Ukitaka kipande chenye pembe sawa, randa uso mpana kwanza. Uso huo uweke kwenye taya iliyosimama, na upande wa taya inayotembea weka nondo fupi ya mviringo katikati ya kimo cha kazi, ili taya isiilazimishe kazi kuinama. Randa uso wa pili. Geuza, uso wa kwanza ubaki palepale kwenye taya, wa pili ukae chini, randa wa tatu. Wa nne hauhitaji nondo: uso wa kwanza unalala chini, unagonga kwa nyundo ya shaba hadi vipande sambamba vya chuma ulivyoweka chini ya kazi visitikisike.

Kuranda ubavu, na siku niliyovunja

Kuranda ubavu uliosimama, au ulioinama, unatumia hendeli ya kichwa kushusha kisu mpigo kwa mpigo. Kisanduku cha bawaba lazima ukiinamishe, sehemu yake ya juu ikae mbali na uso unaoukata. Hivyo kisu kikirudi kinatupwa nje ya kazi. Ukiinamisha upande mwingine kitajichimbia.

Mimi hilo nililijua. Nisilolifikiria ni kwamba nilikuwa nimekiinamisha kichwa chote nyuzi 45 na kukishusha chini sana. Mbele kilikuwa na nafasi tele. Sikuzungusha puli kwa mkono. Nikawasha, mkono ukaenda mbele vizuri, ukarudi, na mwisho wa mtelezo wa kichwa ukagonga bodi ya mashine. Mkanda ulipiga kelele, mota ikasimama, na sikio la kushikia mtelezo likapasuka. Chuma cha kusubu hakipindi, kinapasuka tu, kwa sauti kavu kama ya sahani. Sikio hilo nililirudisha kwa kulichomelea kwa shaba na kuliranda upya, na ule mstari wa manjano bado upo pale ninapouona kila siku.

Njia ya kii ndani ya puli

Hii ndiyo kazi iliyonilipa shepa zote tatu. Unakereza fimbo nene kadiri tundu linavyoruhusu, unatoboa mwisho wake na kupachika kisu kidogo chenye upana wa kii, kikikazwa kwa skrubu. Fimbo inafungwa mahali pa kisu. Puli imefungwa kwenye jiliwa au kwenye bamba la pembe (chuma chenye nyuso mbili za pembe mraba), tundu likielekea njia ya mkono, na nyuma yake pawe na nafasi ya kisu kutokea.

Bawaba ifunge isiinuke, kwa kabari au kwa skrubu, maana ndani ya tundu hakuna mahali pa kuinukia. Kisu kitaburuzwa kikirudi; tia oili kila mipigo michache na usiwe na haraka. Nashusha meza ili nikate upande wa juu wa tundu badala ya chini? Hapana, naiacha na kukata chini, kwa hendeli ya kichwa, sehemu tano kati ya mia za milimita kwa mpigo, kwa sababu chini naona. Fimbo itapinda kidogo, kwa hiyo ukifikia kina acha mkono uende na kurudi mara sita saba bila kuongeza chochote. Utaona bado inatoa unga. Unga ukikoma, zima, toa puli, ujaribu kii. Kiingie kwa kusukumwa na dole gumba.